Kuni za Masika Hupasuliwa Kiangazi: Mwongozo Kamili wa Kukata, Kupasua na Kupanga Kuni Nyumbani

Mwezi wa Januari hapa Njombe mvua hunyesha siku mbili tatu mfululizo, ukungu haubanduki, na katika mji huu ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hupati jua la kukausha hata leso. Ukipita mtaani alfajiri utaona majiko ya aina mbili. Liko jiko ambalo moshi mzito unapenya kila palipo na upenyo wa bati, na mpishi amesimama mlangoni anafuta macho kwa upindo wa kanga. Na liko la jirani yake, ambalo usingejua kama lina moto isipokuwa kwa harufu ya chai. Nyumba zote mbili zinachoma kuni za mti uleule, mwati. Tofauti yao ilianza mwezi Mei, mvua zilipokatika, mmoja aliposhika shoka na mwenzake akasema bado mapema.

Mimi nimekulia katika jiko la aina ya kwanza. Mama alikuwa akipuliza moto huku amefumba macho, na sisi watoto tuliamini kwamba kupika na kulia ni kitu kimoja. Nilishakuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba mti haukuwa na kosa, wala jiko. Kuni zilikuwa mbichi, basi.

Gesi inakuja, nami naifurahia. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na mwanzoni mwa 2024 taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zilitakiwa ziachane na kuni na mkaa. Lakini mtungi huisha katikati ya mwezi, na sufuria la maharage au makande lina njaa yake. Maadamu kuni bado zinaingia jikoni kwako, ziingie zikiwa kavu.

Moshi ule ni maji

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukibeba mzigo wa kilo 20 za kuni mbichi kutoka shambani, umebeba kilo 9 au 10 za maji kichwani. Ukuni wa namna hiyo ukiuingiza motoni, moto hauwezi kuula kabla haujaukausha. Na kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara tano ya lile linalotosha kuipasha lita hiyo kutoka ubaridi wa barafu hadi kuchemka. Kwa hiyo moto unahangaika na maji ya ndani ya ukuni huku maji ya ugali yanangoja. Joto likipungua, gesi zinazotoka kwenye mti haziungui zikaisha. Zinapaa nusunusu, nyingine zinaganda kuwa masizi kwenye kenchi, nyingine zinaishia kwenye mapafu ya anayepika.

Ukuni uliokauka vizuri una maji chini ya asilimia 20 ya uzito wake. Kufika hapo hakuhitaji mashine. Kunahitaji upepo, nafasi na miezi kadhaa, na hiyo miezi ndiyo watu wengi wanajinyima.

Piga hesabu kabla ya kunoa shoka

Watu hukata kuni kwa kukadiria kwa macho, kisha mwezi wa Februari zimekwisha na wanarudi kwenye mti mbichi. Azima mizani, pima kuni za siku moja, fanya hivyo kwa juma zima, utapata wastani wako mwenyewe. Usichukue wa jirani: anayepikia mafiga matatu anatumia nyingi kuliko mwenye jiko banifu, na mwenye wageni kila Jumapili ana hesabu yake.

Tuseme nyumba inatumia kilo 6 kwa siku. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwisha Aprili, siku 180 hivi. Hizo ni kilo 1,080 za kuni kavu. Kuni za miwati zilizokauka na kupangwa vizuri, mita moja ya ujazo inabeba takriban kilo 400, kwa hiyo unahitaji kama mita 2.7 za ujazo. Safu mbili za kuni zenye urefu wa sentimita 40, kila safu ikiwa na urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1.2, zinatosha na chenji inabaki. Ukishaijua picha hiyo, unajua uwanja gani uufagie na miti mingapi uiguse.

Mti gani ukate

Huku kwetu mwati ndiye mfalme wa jiko. Ulitoka Australia, na tangu kampuni ya TANWAT ilipoanza mwaka 1949 kuupanda kwa ajili ya magome yenye tanini ya kutengenezea ngozi, umeenea kila mlima. Ni mzito, unawaka polepole, unaacha makaa mazuri, na ukiwa mbichi unapasuka kirahisi. Ubaya wake ni kwamba ukiukata, kisiki hakichipui vizuri. Unategemea mbegu zilizolala ardhini, ambazo moto au jua kali huziamsha. Kwa hiyo ukikata miwati, acha michache ya mbegu na ulinde miche inayojiotea.

Mkaratusi unachipua kwenye kisiki. Kata chini, kama sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, mkato uwe wa mshazari ili maji ya mvua yasituame, kisha baada ya miezi kadhaa ondoa machipukizi yote uache mawili au matatu yenye nguvu. Kisiki kimoja kitakupa mavuno mengine bila kupanda upya. Lakini mkaratusi usiuache ukae: ukishakauka ungali gogo, nyuzi zake zilizojisokota zinakuwa kama kamba ya katani na shoka linarudi bila kitu.

Mgrivea naupenda kwa sababu huhitaji kuuua. Upogoe matawi kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, shina linaendelea kukua, mahindi na kahawa chini yake vinapata mwanga, nawe una kuni za mkono. Ukiwa na eka moja na migrivea kwenye mpaka, kupogoa peke yake kunaweza kufunika sehemu kubwa ya mahitaji. Mparachichi na mpera uliopogolewa pia hufaa. Mipaina, ambayo wengine wanaiita misindano, ina utomvu mwingi: nzuri kuwashia moto, mbaya kupikia peke yake, kwani inajaza masizi kwenye sufuria na bomba la moshi.

Mnyaa usiuguse kwa ajili ya jiko. Maziwa yake yakikuingia machoni utatafuta hospitali usiku. Na jambo moja nalisema kwa uzito kwa sababu katika mikoa yetu ya nguzo na mbao ni hatari ya kila siku: mabaki ya nguzo na mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kijani, hayafai kuchomwa kamwe, hata kuwashia tu. Dawa nyingi ya aina hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Sumu inatoka na moshi, na nyingine inabaki kwenye majivu ambayo kesho utayamwaga bustanini kwenye mboga.

Kabla ya mti wowote, nenda ofisi ya kijiji au kwa afisa misitu uulize kibali, hata kama mti ni wako. Taratibu za kuvuna na kusafirisha zinahusu na miti ya kupandwa. Na ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji usikate, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imelinda eneo hilo. Chemchemi ikikauka, kuni kavu utachemshia nini?

Vifaa

Shoka la mhunzi, lile ambalo chuma chake kinapenya kwenye kichwa kinene cha mpini, ni zuri sana kwa kukata matawi na kupunguza gogo. Kila pigo linazidi kulikaza. Lakini bapa lake ni jembamba. Ukipasulia nalo gogo nene linazama na kung'ang'ania. Kwa kupasua tafuta shoka la dukani lenye tundu la mpini, zito, kilo 2 hadi 2.5, lenye mashavu mapana. Kazi ya mashavu ni kusukuma mti pande mbili, makali yanafungua mlango tu. Mtu mwembamba achukue la kilo 1.5 na kulirusha kwa kasi. Anayelazimisha shoka zito analengea vibaya baada ya mapigo ishirini.

Mpini uwe wa mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Ukiona nyuzi zinakatisha mpini kwa mshazari, huo utakatika, na utakatika ukiwa umeuinua. Shoka likilegea watu huliloweka kwenye ndoo usiku. Linakaza, kweli, lakini kwa siku moja. Likikauka linalegea zaidi kuliko mwanzo kwa sababu mti ulivimba na kujiponda ndani ya tundu. Ongeza kabari ya mti mkavu juu ya mpini, au utengeneze mpini mpya. Kila asubuhi kabla ya kazi, likamate shoka kichwa chini, ligonge kitako cha mpini kwa kipande cha mti, uone kama kichwa kinacheza.

Nyingine ni msumeno wa upinde au wa watu wawili, kabari mbili za chuma, nyundo nzito, tupa na kinoo. Shoka la kupasua lisinolewe kama wembe. Makali membamba yanakwama na kumeguka kwenye fundo. Piga tupa kwa kusukuma mbele tu, pande zote sawa, mpaka makali yang'ae bila meno, kisha kinoo kidogo. Miguuni vaa buti za ngozi au za mpira mgumu. Nimeona kidole cha mguu kilichopotea kwa sababu ya kandambili, na aliyekipoteza alikuwa mzoefu kuliko mimi. Macho yavae miwani ya kazi. Na ukishakunywa ulanzi, hata kikombe kimoja, shoka libaki ukutani mpaka kesho.

Kuangusha

Sehemu hii nitaipita haraka, kwa sababu mti mkubwa mwachie fundi wa chenso. Ninaongelea mti ambao unaweza kuukumbatia shina lake kwa viganja viwili. Tazama unaegemea wapi na upepo unatoka wapi. Safisha njia yako ya kukimbilia, nyuma na kwa mshazari, si nyuma moja kwa moja, kwani shina linaweza kuruka kinyumenyume. Watu wote wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti. Kata mdomo upande unakoangukia, kina chake robo hadi theluthi ya unene wa shina. Kisha zunguka nyuma, kata juu kidogo ya usawa wa mdomo, na usikate mpaka ukakutana na mdomo. Ule ukanda mwembamba unaobaki katikati ndio bawaba inayouongoza mti usipinduke upande. Ukianza kulia, ondoka.

Mti ukikwama kwenye mti mwingine, usiende chini yake, usikate ule ulioushikilia, usipande juu. Funga kamba ndefu shinani, uvute ukiwa mbali, au tafuta msaada.

Kukata mapande

Kata fimbo ya sentimita 35 au 40, kulingana na mdomo wa jiko lako, ndiyo iwe kipimo. Weka alama gogo zima kwa panga kabla ya kuanza kukata. Inaonekana kama kupoteza wakati, lakini kuni zenye urefu mmoja zinapangika kama matofali, na zenye urefu tofauti zinaanguka mara ya kwanza mbuzi anapojikuna.

Gogo likilala chini, msumeno unagonga udongo na meno yanaisha. Liinue juu ya magogo mawili. Hapa kuna siri ndogo: ukikata katikati ya gogo lililoegemezwa pande zote mbili, linapinda kuelekea chini, mkato unajifunga na kubana msumeno. Acha ncha ining'inie nje ya egemeo, ukate hiyo ncha, kisha sogeza gogo mbele. Kipande kinadondoka chenyewe na mkato unafunguka.

Matawi ya unene wa kidole gumba usiyatupe. Yakate kwa panga, yafunge matita, yatakuwa ya kuwashia.

Kupasua

Pasua upesi, ndani ya juma moja baada ya kukata. Hili nalirudia kwa kila anayeniuliza. Gome liliumbwa ili kuzuia maji yasitoke. Pande zima la mwati likikaa na gome lake litakuwa na unyevunyevu katikati hata baada ya mwaka, na pengine litaanza kuoza ndani kabla ya kukauka. Ukilipasua, umefungua milango. Isitoshe, miti yetu mingi ikiwa mbichi inapasuka kwa nusu ya nguvu.

Tafuta gogo la kupasulia, pana, kimo chake kifike magotini au chini kidogo. Liweke kwenye ardhi ngumu. Udongo laini unameza pigo. Gogo hili ndilo linalokulinda: shoka likikosa linaingia kwenye mti badala ya mguu. Anayepasulia chini ardhini anacheza na mundi wake.

Lisimamishe pande juu ya gogo, si katikati kabisa, bali kuelekea ukingo wa mbali na wewe. Liangalie usoni. Utaona nyufa ndogo zinazotoka kwenye kiini kama miali ya jua. Mti umeshakuonyesha unapotaka kupasukia, fuata ufa mkubwa kuliko yote. Kama kuna fundo la tawi, geuza pande ili fundo liwe chini, na usilenge juu yake, lenga pembeni.

Simama miguu ikiwa imepanuka kama upana wa mabega, yote miwili ikielekea gogo. Mguu mmoja usitangulie. Nyoosha mikono na kugusisha makali ya shoka kwenye sehemu unayotaka kupiga, ili upime umbali. Kisha mkono wa chini ushike kitako cha mpini na usihame. Mkono wa juu uanzie karibu na kichwa cha shoka, na shoka linapoteremka uteleze mpaka ukutane na mwenzake. Shoka lipande juu ya kichwa chako, si begani. Linaposhuka, kunja magoti kidogo na uache uzito ufanye kazi. Macho yabaki kwenye ufa, yasifuate shoka. Anayeanza hukaza mabega na kupiga kwa hasira. Baada ya nusu saa amechoka na kuni ni tatu. Nguvu inatakiwa katika kasi ya mwisho tu.

Lenga ukingo wa karibu na wewe kuliko wa mbali. Shoka likipita upande wa mbali, ni mpini unaogonga mti na kuvunjika chini ya kichwa. Likikosea upande wa karibu linaangukia kwenye gogo.

Pande pana, la zaidi ya sentimita 30, usilipasue katikati. Lizunguke kama mtu anayemenya kabichi: toa vipande pembeni, kimoja kimoja, mpaka kiini kibaki, kisha kigawe. Na kama unachoka kuinama kuokota, chukua tairi kuukuu la gari, liweke juu ya gogo, simamisha pande ndani yake. Linapasuliwa mara nne tano bila kutawanyika, kisha unazibeba kuni zote kwa mkupuo. Hii imeniokoa mgongo kuliko dawa yoyote ya kuchua.

Shoka likikwama, usilipindue kushoto na kulia, utavunja mpini. Bonyeza kitako cha mpini chini kisha juu, taratibu, mpaka litoke. Ikishindikana, na pande si kubwa, inua vyote viwili, vigeuze, upige kisogo cha shoka juu ya gogo la kupasulia, ili uzito wa pande lenyewe ulipasue. Lililokataa kabisa lipelekee kabari. Igonge kidogo ndani ya ufa mpaka isimame, kisha piga kwa nyundo. Ufa ukifunguka weka ya pili mbele yake, ya kwanza italegea. Usitumie shoka moja kama kabari na jingine kama nyundo. Vyuma vigumu vikigongana vinarusha vipande vyenye kasi ya kutoboa jicho. Kichwa cha kabari kikishaota pindo kama uyoga, lisage kwa tupa, kwa sababu hiyohiyo.

Watoto wasikaribie wakati shoka linafanya kazi. Mita tano ni kidogo; mimi nawatuma wapange kuni upande wa pili wa nyumba.

Unene? Kuni za maharage na makande ziwe kama mkono wa mtu mzima, za chai na mboga ziwe nusu yake. Zenye unene wa kati ya sentimita 5 na 10 zinakauka ndani ya kiangazi kimoja. Zaidi ya hapo unajidanganya.

Kupanga

Hapa ndipo nyumba nyingi zinaharibu kazi yote ya nyuma. Kuni zimepasuliwa vizuri, kisha zinarundikwa kona ya jiko au kuegemezwa ukutani na kufunikwa turubai mpaka chini. Baada ya miezi miwili unafunua na kukutana na harufu ya uyoga. Turubai lilizizuilia mvua, ni kweli, lakini mvuke wa kuni zenyewe haukuwa na pa kwenda.

Chagua mahali penye upepo. Ukiwa na uchaguzi kati ya jua na upepo, chukua upepo, ingawa vyote viwili ni bora. Safu ielekezwe ili upepo uigonge ubavuni na kupita katikati ya kuni. Huku kwetu upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki. Iwe mbali na ukuta wa nyumba, angalau mita moja ikiwezekana. Kuni zilizogusa ukuta zinawaitia mchwa kenchi zako, na moto ukitokea jikoni una daraja.

Inua kutoka ardhini. Panga mawe au matofali mabovu, juu yake laza miti miwili mirefu kama reli, ili kuni za chini ziwe sentimita 15 hadi 20 juu ya udongo. Mawe yaonekane wazi, nyasi zifyekwe, ili kila juma uweze kuinama na kuona kama mchwa wameanza kujenga njia zao za udongo kupanda juu. Ukiziona, zibomoe. Sumu usinyunyizie: kuni hizo utapikia chakula cha watoto.

Kwenye miisho ya safu jenga nguzo kwa kuni zenyewe. Laza mbili au tatu kuelekea mbele, juu yake nyingine kuelekea pembeni, tena mbele, tena pembeni, kama mtu anayepanga matofali ya kuchoma. Chagua zilizonyooka kwa kazi hii. Nguzo mbili zikisimama, jaza katikati kwa kuni za kawaida, zote zikielekea upande mmoja, ncha zikitazama upepo, kwani maji mengi ya ukuni hutokea kwenye ncha. Acha mianya. Kuna msemo wa mafundi wetu kwamba panya apite lakini paka asipite, na kipimo hicho kinatosha.

Safu iwe ya unene wa ukuni mmoja tu. Ukibandika safu mbili bila nafasi, za ndani hazitapata upepo. Kimo kisizidi kifua chako, mita 1.2 hivi, ukuta wa kuni ukimwangukia mtoto ni jambo la kulia miaka. Kila baada ya kupanga matabaka matatu, rudi nyuma hatua tano uitazame. Ikianza kuinama, rekebisha sasa.

Tabaka la juu kabisa liweke gome likiangalia mbinguni. Kisha funika juu tu, kwa bati kuukuu lenye mteremko, lililozidi kuni kwa kiganja kila upande, na juu yake mawe. Mbavu zibaki wazi. Mvua ya mshazari italowesha ncha, hilo lisikutishe. Upepo wa siku mbili unaziondolea.

Zimekauka au bado?

Siku ya kupanga, chagua kuni tatu za unene wa wastani, zichore alama kwa makaa, uzipime kwenye mizani na uandike uzito kwenye daftari. Ziweke mahali tofauti katika safu, si juu pekee. Kila mwisho wa mwezi zipime. Ukuni ulioanza na kilo 2 ukifika kilo 1.3 hivi, na ukabaki hapo kwa majuma mawili mfululizo bila kupungua, maji yake yameisha kwa kadiri ya hewa yetu. Hakuna kipimo cha kienyeji ninachokiamini kuliko hiki.

Dalili nyingine zinakubaliana nacho. Nyufa kwenye ncha, gome linaachia lenyewe, rangi nyeupe inakuwa ya kijivu au kahawia. Gonga kuni mbili: kavu zinalia kwa sauti kali na wazi, mbichi zinatoa mlio uliozibwa kama mtu aliyegonga gunia.

Miwati na migrivea iliyopasuliwa Mei, katika hewa ya hapa, ninaiona iko tayari kati ya Septemba na Oktoba. Mkaratusi mnene naupa mpaka mwaka unaofuata. Kipupwe cha Juni na Julai kina ubaridi unaouma lakini upepo wake ni mkavu, na unakausha kuliko watu wanavyodhani.

Kuingiza jikoni

Mwisho wa Oktoba, kabla ya radi ya kwanza, hamishia za majuma mawili kwenye baraza au kibanda chenye kuta za mianya. Kila utakapochukua kutoka kwenye safu, gonga kwanza kwa fimbo na usiingize mkono usipoona. Nge na nyoka nao wanapenda pakavu. Ndani ya jiko weka za siku mbili tatu, kwenye uchaga ulio juu na pembeni ya moto, si juu yake moja kwa moja. Uchaga ukiwa karibu mno, cheche moja usiku inatosha.

Jikoni chukua nyembamba mbili, vijiti kutoka kwenye tita na kibanzi cha mpaina kwa kuwashia. Moto ukishika ongeza nene moja moja, ncha zikikutana katikati, na usukume kadiri zinavyoungua badala ya kujaza jiko hadi moto ukose hewa. Dirisha liwe wazi hata kwa baridi. Ukiona moshi bado ni mzito, angalia safu uliyochukulia. Mara nyingi mtu wa nyumbani amechota kutoka kwenye safu mpya. Mimi nimemaliza ugomvi huo kwa kupaka chokaa kwenye nguzo ya safu ya zamani. Safu yenye chokaa ndiyo ya kupikia, isiyo na chokaa haiguswi mpaka Oktoba. Ikifika Aprili ile ya zamani imebakia mawe na reli zake mbili, ninafyeka nyasi chini yake, ninabadilisha reli iliyoliwa na mchwa, na tupa inarudi kwenye shoka.